Wageni Wakiondoka, Jalada Linabaki kwa Nani?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Nchi ikitoka vitani, kila mara tunasikia kwamba mataifa mengine yamepeleka 'msaada wa kiufundi' ili haki za binadamu zilindwe. Mimi ninachokiona ni semina, magari meupe na ripoti. Msaada huu ni kitu gani hasa? Mbona baadhi ya nchi husaidika na nyingine hurudi pale pale? Na serikali inayokubali kusaidiwa hivyo, si imeuza mamlaka yake?"

Ndugu yangu, semina zipo, sibishi. Nimekaa kwenye nyingi, na nimemwona ofisa wa polisi akitaja vifungu vya mkataba wa kupinga mateso bila kukosea hata kimoja, jioni akasaini posho, na keshoye akarudi kwenye kituo kisicho na daftari la mahabusu wala kalamu. Mtu akikamatwa hapo, hakuna palipoandikwa kwamba amekamatwa. Akipigwa, hakupigwa mtu. Akifia ndani, hakufa mtu. Somo lilikuwa zuri; kilichokosekana ni daftari.

Naanzia kwenye daftari kwa makusudi. Tukisema haki za binadamu, wengi hufikiria katiba na mikataba, na nchi zilizotoka vitani aghalabu hazina upungufu wa hizo. Baadhi zina katiba inayosomeka vizuri kuliko za wafadhili wao. Kilichovunjika ni mnyororo wa mambo madogo: mtu kukamatwa, jina lake kuandikwa, jalada kufika kwa mwendesha mashtaka, hakimu kulisoma, na mtu kuachiwa siku yake ikifika. Vita huukata mnyororo huo kila pingili. Majalada huungua, mahakimu huuawa au hukimbia, na magereza hujaa watu ambao hakuna anayejua waliingia lini. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Rwanda ilifikia kuwa na watu zaidi ya 120,000 magerezani wakisubiri kesi, huku mahakimu na wanasheria wake wengi wakiwa wameuawa au wako uhamishoni. Katika hali kama hiyo hata serikali yenye nia safi kabisa itakiuka haki za watu kila siku, kwa kukosa tu watu wa kufanya kazi.

Kwa hiyo ukiuvua msaada wa kiufundi jina lake kubwa, unakuta ni kuazimana watu. Umoja wa Mataifa una mfuko wa hiari wa kazi hii tangu 1987, na una Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu iliyoundwa 1993. Pia huteua wataalamu huru wa kuishauri nchi moja moja, kama ilivyofanya kwa Somalia mwaka huohuo wa 1993. Nchi rafiki na mashirika ya kiraia nayo huingia. Mmoja analeta mpelelezi, mwingine mkufunzi wa magereza, mwingine anasaidia kuandika sheria. Orodha ni ndefu na haina mvuto, nami sitaimaliza. Swali lako la pili ndilo lenye uzito: kwa nini hapa umeshika na pale umeteleza? Jibu langu, baada ya miaka ya kuangalia, ni kwamba inategemea wageni wakiondoka jalada linabaki mikononi mwa nani. Nitaeleza kwa mifano, maana bila mifano hilo ni neno tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauna hata bajeti ya kutajwa. Argentina ilitoka kwenye utawala wa kijeshi Desemba 1983. Maelfu ya watu walikuwa wametekwa na kupotezwa, na familia zilijua kwamba baadhi yao walizikwa makaburini kama watu wasiojulikana. Mahakimu wakaanza kuamuru makaburi yafukuliwe, na yakafukuliwa kwa matingatinga. Mifupa ikavunjika, ya huyu ikachanganyika na ya yule, risasi zikapotea udongoni. Yaani ushahidi uliokaa ardhini kwa miaka uliharibiwa mchana kweupe na watu waliokuwa wakiutafuta. Mabibi waliokuwa wakiwatafuta wajukuu wao, pamoja na tume iliyochunguza waliopotezwa, wakaomba msaada kwa wanasayansi wa Marekani. Mwaka 1984 akaja Clyde Snow, mtaalamu wa kusoma mifupa.

Snow angeweza kufukua, akaandika ripoti, akapanda ndege. Alipokosa wataalamu wakubwa wa kushirikiana naye, alichukua wanafunzi wa vyuo, wengine wa anthropolojia, wengine wa udaktari, akawafundisha kufukua kwa mwiko na brashi, kuchora kila mfupa ulipolala, na kuandika kila kitu kwa namna ambayo mahakama ingekubali. Mwaka 1985 alitoa ushahidi kwenye kesi ya majenerali waliotawala. Lakini kilicho kikubwa zaidi ni wale vijana. Walikuwa na hofu, na walikuwa na sababu ya kuogopa, kwani waliowaua hao waliokuwa wakiwafukua walikuwa bado wanatembea mitaani. Kundi lao likawa Timu ya Argentina ya Anthropolojia ya Uchunguzi wa Jinai, na limeshafanya kazi katika nchi zaidi ya 30. Mwanafunzi wa jana akawa mgeni anayeitwa kusaidia kwingine.

Ukoo wa kazi hiyo ulifika Guatemala. Huko Snow aliwafundisha tena vijana wenyeji, nao wakaanza kufukua makaburi ya vijiji vya Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, miaka ya 1990, kabla hata mkataba wa amani wa Desemba 1996 haujasainiwa. Tume ya ukweli iliyoundwa chini ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti mwaka 1999: zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kupotezwa katika miaka 36 ya vita, na kati ya waathirika waliotambuliwa asilimia 83 walikuwa Wamaya. Nitakaa kidogo hapa Guatemala, kwa sababu swali lako la mamlaka ya nchi lilijibiwa huko kwa namna ambayo sijaiona kwingine.

Baada ya vita, magenge yenye mizizi katika idara za siri za jeshi yalibaki ndani ya polisi, forodha na mahakama. Serikali ikakubaliana na Umoja wa Mataifa kuunda tume ya kigeni ya kuyachunguza na kuyashtaki. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ikaikataa: katiba yetu, ikasema, imempa kazi ya kushtaki mwendesha mashtaka wa taifa, haigawiwi kwa mtu mwingine. Wapinzani wa tume walishangilia. Mimi naona mahakama ile, kwa sababu yoyote iliyokuwa nayo, iliutendea msaada huo hisani kubwa. Ilibidi warudi mezani, na makubaliano mapya ya Desemba 2006 yakazaa tume ya namna nyingine, iliyojulikana kwa kifupi cha Kihispania kama CICIG. Hii iliweza kupeleleza na kukaa mahakamani kama mshirika wa upande wa mashtaka, lakini hati ya mashtaka ilikuwa ya Mguatemala. Bunge la nchi likaridhia Agosti 2007.

Angalia matokeo ya hilo sharti. Kwa kuwa wageni hawakuweza kushtaki peke yao, walilazimika kukaa dawati moja na waendesha mashtaka wa nchi, kesi baada ya kesi, kwa miaka 12. Walifundishana kusoma miamala ya benki, kusikiliza simu kwa kibali cha hakimu, kumlinda shahidi. Mwaka 2009 nchi ikatunga sheria ya mahakama maalumu za kesi zenye hatari kubwa, ili hakimu wa wilaya asiachwe peke yake na genge lililomzunguka. Mei 2013, mbele ya majaji Waguatemala, mtawala wa zamani wa kijeshi Efraín Ríos Montt alikutwa na hatia ya mauaji ya kimbari. Siku kumi baadaye Mahakama ya Katiba ikaitengua hukumu. Septemba 2015 rais aliyekuwa madarakani, Otto Pérez Molina, alijiuzulu kwa kashfa ya rushwa ya forodha na kupelekwa mahabusu. Katika nchi nyingi zenye amani ya miaka mingi jambo hilo halijawahi kutokea.

Kisha? Uchunguzi ulipomgusa rais aliyefuata na jamaa zake, alikataa kuongeza muda wa tume, nayo ikafunga milango Septemba 2019. Mkuu wa kitengo cha waendesha mashtaka waliofundishwa nayo, Juan Francisco Sandoval, alifukuzwa kazi Julai 2021 na akaikimbia nchi. Wenzake kadhaa wakamfuata uhamishoni au wakafungwa. Nakuambia haya ili usidhani nakuuzia dawa ya kila ugonjwa. Jalada lilibaki mikononi mwa wenyeji kama ilivyotakiwa, ila wenyeji hao wakavunjwa mikono. Msaada wa nje huweza kuwapa watu ujuzi na kuwafunika kwa muda. Hauwezi kuwa jeshi lao la kudumu dhidi ya serikali yao wenyewe.

Guatemala hiyohiyo ina kisa kingine kinachonifanya nisiwe mgumu sana kwenye kanuni yangu. Julai 2005, watumishi wa ofisi ya mtetezi wa haki za binadamu ya nchi walikwenda kukagua jengo la polisi kwa sababu ya milipuko iliyohifadhiwa hapo. Wakakuta karatasi. Vyumba kwa vyumba vya karatasi zenye unyevu, kurasa zinazokadiriwa kufika milioni 80, kumbukumbu za polisi wa taifa waliokuwa wakidai kwamba hawana kumbukumbu. Serikali za Ulaya zilitoa fedha za kuzisafisha na kuzipiga picha, vijana wa nchi wakazifanyia kazi, na nakala zikahifadhiwa Uswisi na katika Chuo Kikuu cha Texas. Mwaka 2018 mkurugenzi wa hifadhi hiyo aliondolewa ghafla, na watu wakaingiwa na hofu juu ya nyaraka zenyewe. Zile nakala za nje ndipo zilipoonyesha maana yake. Asili iwe nyumbani, nakala iwe kwa jirani mwaminifu: hiyo ni huduma ya kimataifa ambayo haihitaji hata gari moja jeupe.

Sierra Leone walifanya kinyume chake. Mahakama Maalumu ya Sierra Leone, ya kuhukumu uhalifu wa vita vya nchi hiyo, iliundwa Januari 2002 kwa makubaliano ya serikali na Umoja wa Mataifa, ikajengwa Freetown, mji mkuu, ikiwa na majaji wa kigeni na wa nyumbani. Iliwatia hatiani watu tisa, akiwemo Charles Taylor, rais wa zamani wa Liberia, aliyepewa miaka 50. Na mwaka 2007 ikawa mahakama ya kwanza ya kimataifa kutoa hukumu ya hatia kwa kosa la kuwaingiza watoto vitani. Hayo si madogo, na siwezi kuyabeza. Lakini ilipofunga kazi Desemba 2013, kumbukumbu zake asili zilikuwa Uholanzi. Freetown ilibaki na nakala, katika jumba la makumbusho ya amani. Mtu wa Kailahun, mashariki mwa nchi, anayetaka kushika karatasi halisi ya ushahidi wa kijiji chake anahitaji viza.

Wakati majaji wale wakisikiliza kesi nyuma ya kuta zenye ulinzi, nje ya kuta hizo nchi ya watu zaidi ya milioni tano ilikuwa na wanasheria wachache sana, na karibu wote walikuwa Freetown. Mwanamke aliyetelekezwa na mumewe huko mikoani, au kijana aliyewekwa ndani na polisi kwa deni, hakuwa na pa kwenda. Mwaka 2003 ukaanza mradi mdogo ulioitwa Timap for Justice, kwa msaada wa wanasheria na wafadhili wa nje. Uliwafundisha wananchi wa kawaida kuwa wasaidizi wa kisheria: sheria kidogo, desturi nyingi, usuluhishi, na ujasiri wa kwenda kituo cha polisi kuuliza mtu fulani amewekwa ndani kwa kosa gani. Msaidizi aliandika kila shauri kwenye jalada. Kesi ikishindikana, ndipo mwanasheria alipoitwa. Mwaka 2012 Sierra Leone ikatunga sheria ya msaada wa kisheria iliyowatambua wasaidizi hawa. Mradi ulikuwa umegeuka kuwa sehemu ya dola. Ukiniuliza ni kipi kati ya hivi viwili kilichomlinda mtu wa kawaida Jumanne asubuhi, nakujibu bila kusita: yule msaidizi mwenye baiskeli na jalada.

Turudi kwenye mamlaka. Serikali inayoomba msaada huu haijauza kitu, mradi sheria zake ndizo zinazotumika na mtu wake ndiye anayesaini. El Salvador ilikubali mwaka 1990, ikiwa bado vitani, kwamba waangalizi wa Umoja wa Mataifa waingie kambi au gereza lolote bila kutoa taarifa na wazungumze na yeyote faraghani. Waliwasili Julai 1991, miezi kadhaa kabla ya mkataba wa mwisho wa amani. Kwa maoni yangu, serikali inayoweza kufungua seli zake hivyo inaonyesha nguvu.

Kinachonitia wasiwasi ni upande wa pili, ambao hausemwi sana. Kwenye Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa kule Geneva, ajenda namba 4 ni ya hali zinazohitaji kufuatiliwa, na namba 10 ni ya msaada wa kiufundi. Wanadiplomasia wa serikali zenye mikono michafu hupigania kwa jasho nchi zao zihamishwe kutoka namba 4 kwenda namba 10. Wakifanikiwa, mtu aliyekuwa akihojiwa anakuwa mtu anayesaidiwa. Anapewa mkufunzi na kompyuta, na maswali yanapungua. Ukisikia nchi "imekubali ushirikiano wa kiufundi", uliza kwanza kama bado kuna mtu anayeruhusiwa kuingia magerezani mwake. Kama hakuna, huo ushirikiano ni pazia.

Na zipo nyakati ambapo msaada wenyewe unakuwa kosa. Mwaka 2009 walinda amani wa Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo walikuwa wakilipatia jeshi la serikali chakula na mafuta katika operesheni dhidi ya waasi, na baadhi ya vikosi vya jeshi hilo vikaua raia na kubaka. Chakula cha walinda amani kilikuwa kimewashibisha wauaji. Novemba mwaka huo misaada ikasitishwa kwa baadhi ya vikosi, na mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ukaweka sera kwamba kabla ya kusaidia jeshi au polisi wowote wasio wake, ichunguzwe kwanza kama kuna hatari ya kweli kwamba watakiuka haki. Mwaka 2015 sera hiyo ilitumika hapohapo Kongo, pale majenerali wawili wenye tuhuma walipopewa kuongoza operesheni. Serikali ilikasirika na ikakataa msaada. Ndivyo sera yenye meno inavyoonekana: haifurahishi mtu.

Lakini Kongo hiyohiyo imenipa mfano ninaotamani ungejulikana zaidi. Kavumu, Kivu Kusini, kati ya 2013 na 2016: watoto wa kike wapatao 40 walitekwa usiku kutoka vitandani mwao na kubakwa na wanamgambo walioongozwa na mbunge wa jimbo. Madaktari wa hospitali ya Panzi waliwatibu na kuandika majeraha yao kwa utaratibu ambao mahakama ingeukubali. Wataalamu wa nje walisaidia katika kufundisha uandishi huo na katika kuunganisha mashauri yaliyokuwa yametawanyika, kila moja na jalada lake, hadi yakaonekana kuwa kosa moja la kupangwa. Mahakama ya kijeshi ilifunga safari hadi Kavumu yenyewe. Mahojiano ya watoto yaliyorekodiwa yalitumika ili wasisimame kusimulia upya. Desemba 2017 watu 11, yule mbunge akiwemo, walihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Majaji walikuwa Wakongo, na sheria ni ya Kongo. Wageni walikuwepo, ila usingewaona kwenye picha.

Ukitaka kuupima mradi wowote wa namna hii, basi, usiulize umefundisha watu wangapi. Idadi hiyo huwa kubwa siku zote. Uliza mshahara wa mtu anayefanya kazi unatoka mfuko gani, na utatoka wapi mradi ukiisha. Afghanistan ilikuwa na tume ya haki za binadamu tangu 2002, yenye watumishi hodari waliofia kazini, ikilipwa zaidi na wafadhili kwa takriban miaka 20. Mei 2022 Taliban waliifuta kwa maneno machache: bajeti ina pengo, na taasisi hii si ya lazima. Sidhani kwamba kuitengea fungu kubwa la serikali mapema kungeizuia Taliban. Nachelea kusema hivyo. Ila taasisi inayoishi kwa fedha za wafadhili ni rahisi sana kuitwa ya ziada.

Umezidharau ripoti, na nakuelewa, maana nyingi zinastahili. Basi nikupe moja. Mwaka 2004 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Sierra Leone, iliyoendeshwa kwa fedha za kigeni, ilipendekeza adhabu ya kifo ifutwe. Serikali ikaipokea na kuiweka kabatini. Tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka huohuo, ikawa inaitoa kabatini kila mara. Mawakili wa nyumbani wakaishika. Nchi nyingine zikaikumbusha serikali kila ilipokaguliwa Geneva. Marais wawili walipita, na Ebola nayo ikapita. Oktoba 2021, miaka 17 baada ya pendekezo lile, rais alisaini sheria ya kuifuta adhabu hiyo. Wageni walioisimamia ile ripoti walikuwa wameshaondoka zamani, wengine wamestaafu.